Shajara ya mradi: kuusaka msuguano kwenye atomu

4 Februari

Mradi umeanza. Kazi ni kuandika programu ndogo ya kompyuta inayoburuta ncha moja juu ya safu ya atomu, na swali ni moja tu: nishati inapotelea wapi?

Maelezo ya shuleni hayajawahi kuniridhisha. Tunaambiwa kwamba nyuso zote, hata zile zinazong'aa, zina vinundu na vishimo, na kwamba vinundu vya uso mmoja hunasa kwenye vishimo vya mwingine. Sawa, vinundu vipo. Lakini kitu kikipanda kinundu hutumia nishati, na kikishuka upande wa pili huirudisha ile ile. Ukijumlisha njia nzima unapata sifuri. John Leslie wa Uskoti alitoa pingamizi hili mwaka 1804, na kwa zaidi ya karne moja halikupata jibu la kueleweka. Tena vipande vya metali vilivyong'arishwa hadi vikawa laini na safi kabisa havitelezi vizuri zaidi. Hushikana.

Kanuni zenyewe ni za zamani. Leonardo da Vinci aliziandika kwenye madaftari yake mwishoni mwa karne ya 15 bila kuzichapisha, Guillaume Amontons akazigundua upya mwaka 1699, na Charles-Augustin de Coulomb akaziendeleza mwaka 1785. Msuguano hukua sambamba na mzigo, haujali ukubwa wa eneo linaloonekana kugusana, na karibu haujali mwendokasi. Katikati ya karne ya 20, Frank Philip Bowden na David Tabor wakaonyesha kwamba eneo linalogusana kwelikweli ni sehemu ndogo mno ya lile tunaloliona kwa macho, na kwamba hukua kadiri mzigo unavyoongezeka. Hapo tunaelewa mzigo una kazi gani. Bado hatuelewi nishati inatorokaje pale kwenye mguso wenyewe, na huko ndiko ninakotaka kushuka.

7 Februari

Leo ilikuwa siku ya kuchagua modeli.

Njia ya kwanza ni kuiga kila atomu ya ncha na kila atomu ya uso, zikivutana na kusukumana. Inavutia, lakini atomu hutetemeka haraka mno, hivyo kompyuta inalazimika kwenda kwa hatua za karibu femtosekunde moja, yaani sekunde ikigawanywa mara milioni bilioni. Hadubini ya kani ya atomu, kifaa kinachopapasa uso kwa ncha kali sana, huburuta ncha yake polepole, tuseme nanomita 25 kwa sekunde (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Kuvuka nusu nanomita kwa mwendo huo huchukua milisekunde 20. Gawanya kwa femtosekunde, unapata hatua trilioni 20 kwa atomu moja tu ya safari. Ndiyo maana waigaji wengi wa njia hii huburuta kwa mita kadhaa kwa sekunde, mwendo ulio mara milioni mia moja hivi au zaidi ya ule wa maabara, kisha hutumia kurasa nyingi kujitetea.

Njia ya pili ni ya Ludwig Prandtl, mwaka 1928. Ncha nzima inakuwa kitone kimoja. Uso unakuwa wimbi la nishati lenye mabonde na vilima vinavyojirudia kwa umbali wa atomu hadi atomu. Kitone kimefungwa kwenye springi, na mwisho wa pili wa springi, yaani kishikio, unavutwa kwa mwendo usiobadilika. Basi. Kwa miaka mingi modeli hii iliitwa kwa jina la G. A. Tomlinson pekee, ambaye andiko lake lilitoka mwaka 1929. Prandtl, anayejulikana zaidi kwa kazi zake za hewa na mabawa ya ndege, alitangulia, na siku hizi wengi huandika majina yote mawili.

Nimechagua ya pili. Mwenzangu wa mradi anaona ni umaskini. Mimi naona kwamba kama msuguano utajitokeza kwenye kitu kitupu namna hii, nitakuwa na uhakika hautokani na takataka nyingine yoyote.

11 Februari

Vigezo vimewekwa. Umbali wa bonde hadi bonde ni nanomita 0.5, karibu na ule wa fuwele ya chumvi. Kina cha bonde hadi kileleni ni elektronivolti 0.5 (elektronivolti ni kipimo kidogo sana cha nishati, kinachofaa kwa atomu). Ugumu wa springi ni newtoni 1.5 kwa mita. Tungamo la kitone ni sehemu moja ya bilioni ya gramu, ambalo ni kubwa mno kwa atomu, lakini linawakilisha ncha pamoja na mkono unaoibeba. Kani ya kufifisha mtikisiko imewekwa kiasi cha kuzuia kitone kisiendelee kuchezacheza muda mrefu baada ya kila tukio. Hatua ya muda ni nanosekunde 20.

Kani kubwa kabisa ambayo wimbi hili linaweza kuizuia ncha ni nanonewtoni 0.50, yaani nusu ya sehemu moja ya bilioni ya newtoni. Hiyo nimeipata kwa kalamu, kabla ya kuwasha kitu, ili niwe na cha kulinganishia.

Nimehakikisha pia kwamba kani ya kufifisha haitajifanya msuguano. Kwa mwendo wa nanomita 25 kwa sekunde inachangia nanonewtoni 0.00006 tu. Chochote kikubwa zaidi kitakachoonekana kwenye grafu kimetoka kwingine.

15 Februari

Grafu ya kwanza, bila joto. Nilikuwa najua itakavyoonekana, na bado niliitazama muda mrefu.

Mstari unapanda polepole. Mwisho wa springi unasonga, ncha haisongi sana. Inaegemea tu ukingo wa bonde lake huku kani ikiongezeka. Inafika nanonewtoni 0.49, halafu ghafla mstari unaanguka wima hadi chini kidogo ya sifuri, hasi 0.04. Kisha unaanza kupanda tena. Meno ya msumeno, moja kwa kila nanomita 0.5.

Meno haya haya ndiyo yaliyoonekana mwaka 1987, pale C. Mathew Mate na wenzake wa IBM huko Almaden, California, walipoburuta waya wa tungsteni juu ya grafiti wakitumia hadubini iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu tangu ibuniwe na Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber. Kani ya pembeni ilipanda na kuanguka kwa kufuata mpangilio wa atomu za grafiti. Kwa mara ya kwanza mtu aliuona msuguano ukihesabu atomu.

Sasa sehemu ninayoijali. Nimekuza eneo la mwanguko mmoja. Kabla ya kuruka, ncha iko kwenye usawa katika kila wakati: springi inavuta mbele, bonde linavuta nyuma, na vyote viwili vinalingana. Mwendo ni wa taratibu kiasi kwamba ningeweza kuusimamisha na kuurudisha nyuma bila kupoteza chochote. Kisha inafika nukta ambapo bonde lenyewe linatoweka. Ukichora nishati yote, ya wimbi na ya springi pamoja, unaona bonde na kilima kinacholifuata vikisogeleana, vinagusana, vinafutana. Ncha haina tena pa kukaa. Inaporomoka hadi bonde linalofuata kwa mikrosekunde chache, wakati maandalizi ya tukio hilo yalichukua milisekunde 20.

Tofauti ya nishati kati ya kabla na baada ya mruko ni elektronivolti 0.80. Gawanya kwa nanomita 0.5: nanonewtoni 0.26. Halafu nikachukua wastani wa kani kwenye grafu nzima, kwa hesabu isiyojua lolote kuhusu miruko: nanonewtoni 0.26.

Kwa hiyo msuguano wote umo ndani ya zile mikrosekunde. Muda uliobaki, ambao ni karibu muda wote, ncha inabanwa na kani kubwa na haipotezi kitu. Leslie alikuwa na haki: kupanda na kushuka kunarudisha kila senti ya nishati, mradi kushuka kuwe kwa utaratibu. Ila ncha haishuki kwa utaratibu. Inaanguka, na kinachotolewa na anguko kinatawanyika kwenye mitetemo ya fuwele kabla springi haijaweza kukidai. Mitetemo hiyo ndiyo joto.

16 Februari

Nimeongeza safari ya kurudi. Mstari wa kwenda na wa kurudi unafanya kitanzi, na eneo lililo ndani ya kitanzi ni nishati iliyopotea. Wanamaabara hupima hivi hivi, kwa sababu sifuri ya kani kwenye hadubini halisi haiaminiki, lakini eneo la kitanzi halijali sifuri iko wapi.

22 Februari

Siku ya kupunguza kina cha bonde. Kwenye maabara hufanyika kwa kupunguza mzigo unaoikandamiza ncha. Kwangu ni kubadilisha namba moja.

Kinachoamua kila kitu ni uwiano mmoja, ambao vitabu huuita eta: ukali wa kupinda kwa wimbi pale kileleni ukigawanywa kwa ugumu wa springi. Kwa vigezo vyangu eta ni 4.2. Ikiwa juu ya 1, kuna sehemu za njia ambapo ncha ina mabonde mawili ya kuchagua, na lazima siku moja iruke. Ikiwa chini ya 1, springi ni ngumu kuliko mpindo wa wimbi, na kwa kila mahali pa kishikio kuna mahali pamoja tu pa ncha kukaa. Hakuna pa kuruka.

Nimeshuka taratibu. Kwa kina cha 0.3 meno yamekuwa mafupi na kitanzi kimekonda. Kwa 0.15 kitanzi ni uzi. Kwa 0.1, ambapo eta ni 0.84, mstari wa kwenda na wa kurudi umelaliana kabisa.

Nataka kulitazama hili vizuri kwa sababu ni rahisi kulipita. Grafu haijawa bapa. Kani bado inapanda hadi nanonewtoni 0.10 na kushuka hadi hasi 0.10, atomu baada ya atomu. Ncha inaguswa, inazuiwa, inasukumwa. Atomu ziko pale pale. Ila nusu ya njia uso unaizuia ncha na nusu nyingine unaisukuma mbele kwa kiasi kile kile, na wastani ni sifuri. Kani ipo, msuguano haupo. Nikiulizwa mradi huu ulitaka kuonyesha nini, nitaonyesha grafu hii na ile ya tarehe 15 zikiwa kando kwa kando.

Mwaka 2004 kundi la Basel, Uswisi, lilifanya jambo hili kwa ncha halisi juu ya fuwele ya chumvi ndani ya ombwe. Anisoara Socoliuc, Roland Bennewitz, Enrico Gnecco na Ernst Meyer walipunguza mzigo hadi meno yakatoweka na kitanzi kikafungana kiasi kwamba vipimo vyao havikuona tena nishati inayopotea. Mguso ulikuwa bado upo. Waliosema kwamba msuguano ni ada isiyoepukika ya kugusana wana la kujibu hapo.

(Mwenzangu ameuliza kama basi gari linaweza kuteleza milele tukipunguza mzigo. Hapana. Mguso mkubwa una maelfu na maelfu ya miguso midogo, kila mmoja na springi yake, na zile laini kati yao zitaendelea kuruka.)

2 Machi

Joto limeingia. Kila hatua ya muda, kitone kinapigwa msukumo wa nasibu ambao ukubwa wake unafungwa na kani ya kufifisha na halijoto. Huwezi kuweka kimoja bila kingine.

Jaribio la kuhakiki: nimeiacha ncha bondeni bila kuivuta, kwa kelvini 300, karibu nyuzi 27 za Selsiasi. Ugumu wa springi na wa bonde kwa pamoja ni newtoni 7.8 kwa mita, kwa hiyo mtawanyiko wa mahali pake unapaswa kuwa nanomita 0.023. Programu imetoa hivyo hivyo. Twende.

6 Machi

Bila joto, ncha husubiri hadi bonde lake lifutike kabisa. Penye joto haisubiri. Wakati kizingiti kilichobaki kimekuwa kifupi vya kutosha, msukumo mmoja wa bahati unaivusha mapema. Kwa hiyo vilele vya meno havilingani tena; kila jino lina urefu wake, kwa kuwa kila mruko ni bahati nasibu.

Nilitarajia vilele vishuke na vimeshuka: kutoka 0.49 hadi karibu 0.40. Ni kama sehemu moja ya tano. Kilichonishtua ni wastani. Umeanguka kutoka 0.26 hadi karibu 0.10. Zaidi ya nusu ya msuguano imeondoka kwa sababu ya mitetemo ambayo nishati yake ya kawaida, elektronivolti 0.026, ni sehemu ndogo sana ya kina cha bonde.

Sababu iko kwenye upande wa chini wa meno. Ncha inayoruka mapema inatua mapema, mahali ambapo bonde jipya bado liko mbele ya kishikio, na springi inajikuta ikivutwa badala ya kuvuta. Kwenye grafu, kila jino linaanzia hasi 0.2 badala ya hasi 0.04. Uso unalipa sehemu ya deni. Kadiri ncha inavyoruka karibu zaidi na pale ambapo mabonde mawili yako sawa, ndivyo inavyoanguka kimo kifupi, na kimo cha anguko ndicho msuguano.

Ukisukuma wazo hili hadi mwisho, kwa mwendo wa polepole sana au joto kubwa, ncha itakuwa inarukaruka mbele na nyuma mara nyingi kabla kishikio hakijasogea, na msuguano utakaribia sifuri hata eta ikiwa kubwa. Sergey Krylov na Joost Frenken wameandika juu ya hali hiyo. Sitaikimbiza sasa, inahitaji muda mrefu wa kompyuta.

9 Machi

Mwendokasi. Ukivuta haraka, joto linapata muda mfupi zaidi wa kubahatisha, kwa hiyo ncha huvumilia hadi kani iwe kubwa zaidi. Nimeongeza mwendo mara kumi, kutoka nanomita 25 hadi 250 kwa sekunde. Vilele vimepanda kwa karibu nanonewtoni 0.04 tu, na wastani umetoka karibu 0.10 hadi karibu 0.15. Mara kumi nyingine, ongezeko la aina hiyo hiyo. Ni logarithimu, au karibu nayo. Hesabu makini zaidi hutoa logarithimu iliyopandishwa kwa kipeo cha theluthi mbili, na data zangu hazitoshi kutofautisha.

Gnecco na wenzake waliripoti ongezeko la kilogarithimu juu ya chumvi mwaka 2000. Nikimfikiria Coulomb na vipande vyake vya mbao, sishangai kwamba aliona mwendokasi hauna uzito mkubwa. Kitu kinachokua kwa logarithimu kina tabia ya kujificha: unahitaji kubadilisha mwendo mara maelfu ili ukione vizuri, na karne ya 18 haikuwa na njia nyepesi ya kufanya hivyo. Sisemi mbao zake zilikuwa zinafanya kile kile kinachofanywa na ncha yangu. Mbao ina mambo mengi.

18 Machi

Kitone kimoja kimetosha. Sasa nimeunda mnyororo: atomu 89 zimeunganishwa kwa springi, juu ya mabonde 144. Uwiano wa namba hizo mbili ni karibu sana na uwiano wa dhahabu, 1.618, ambao ndio uwiano mkaidi kuliko yote katika kukataa kufanana na sehemu nyepesi kama nusu au theluthi. Mwisho wa mnyororo umeunganishwa na mwanzo wake ili miisho isiharibu hesabu. Mnyororo wenye miisho huru daima hubakiza msuguano kidogo kwenye miisho hiyo.

Modeli hii ni ya Yakov Frenkel na Tatyana Kontorova, 1938. Wazo ni kwamba nyuso mbili zikiwa na mpangilio sawa, kama vitana viwili vyenye meno yaliyolingana, kila atomu inakaa bondeni kwa wakati mmoja na zote zinapaswa kupanda pamoja. Mipangilio isipooana, wakati atomu moja inapanda nyingine inashuka, na yule anayeshuka anamlipia anayepanda.

Jaribio la kulinganisha kwanza: atomu 89 juu ya mabonde 89. Kani ya kuung'oa mnyororo ni nanonewtoni 0.50 kwa kila atomu. Hakuna punguzo. Kisha 89 juu ya 144, na springi za mnyororo zikiwa ngumu: kani ya kuung'oa imeshuka chini ya usahihi wa programu yangu. Mnyororo unasogea kwa kuguswa.

Kisha nimelegeza springi za mnyororo taratibu. Kwa muda mrefu hakuna kilichobadilika. Halafu, ugumu ulipopungua chini ya newtoni 6.5 kwa mita, kani ya kuung'oa ikaanza kuchomoza kutoka sifuri. Hapo ndipo ilipotakiwa kuwa. Serge Aubry alionyesha kwamba kuna mpaka kamili: uwiano ule ule wa mpindo wa wimbi kwa ugumu wa springi ukizidi 0.97, kwa uwiano wa dhahabu, atomu zinaanza kujipanga mabondeni kila moja kivyake, zinavikwepa vilima, na mnyororo mzima unakwama. Ukaribu wa 0.97 hii na 1 ya ncha moja unavutia macho, lakini hesabu zake ni tofauti kabisa na siwezi kuujengea hoja.

Nimefurahi kwamba jibu ni lile lile la Februari. Mnyororo mgumu una njia moja tu ya kukaa kwa kila mahali unapovutwa, basi unapita bila anguko. Mnyororo laini una njia nyingi, basi unaanguka kutoka moja hadi nyingine. Kutooana kwa mipangilio peke yake hakutoshi. Ugumu wa ndani lazima uushinde mvuto wa nje. Grafiti inalitimiza sharti hili vizuri: ndani ya tabaka moja atomu za kaboni zimeshikana kwa nguvu sana, na kati ya tabaka na tabaka mshikamano ni dhaifu.

Motohisa Hirano na Kazumasa Shinjo walitabiri mwaka 1990 kwamba nyuso safi zisizooana zinaweza kuteleza bila msuguano wa kawaida. Mwaka 2004 Martin Dienwiebel, Joost Frenken na wenzao huko Leiden, Uholanzi, walivuta kipande kidogo sana cha grafiti juu ya grafiti huku wakiuzungusha uso wa chini. Msuguano ulikuwa mkubwa kwenye pembe fulani, ukashuka karibu na sifuri katikati, na kupanda tena baada ya digrii 60, ambayo ndiyo pembe ya grafiti kujifanana yenyewe. Baadaye ilionekana kwamba kipande kama hicho hupenda kujizungusha chenyewe hadi kikaoana na uso na kukwama. Sifa ya kuteleza ipo, ila haidumu yenyewe kama hakuna wa kukizuia kisigeuke. Mnyororo wangu wa mstari mmoja hauwezi kugeuka, kwa hiyo hautanifundisha lolote kuhusu hilo.

Na kuna jaribio ambalo karibu ni programu yangu iliyofanywa kwa vitu halisi. Huko MIT, chuo kikuu cha Marekani, Alexei Bylinskii, Dorian Gangloff na Vladan Vuletić walining'iniza ayoni (atomu zenye chaji) za metali ya iterbiamu kwa sehemu za umeme, wakazipitisha juu ya wimbi la mwanga wa leza, na kubadilisha nafasi kati ya ayoni ili zioane na wimbi au zisioane. Matokeo yao ya mwaka 2015: zikioana, zinakwama na kuruka kwa pamoja, zisipooana, msuguano unakaribia kutoweka. Leza ikawa uso, ayoni ikawa ncha, na kila namba ya modeli ikawa kitasa cha kuzungusha. Nimewaonea wivu.

27 Machi

Jaribio la mwisho la awamu hii. Nimerudi kwenye ncha moja, bila joto, eta 4.2, na nimeliacha bonde lipumue: kina chake kinapanda na kushuka mara 10,000 kwa sekunde, huku wastani ukibaki elektronivolti 0.5 ile ile. Mwendo huo ni wa haraka mno ukilinganishwa na kishikio, na wa polepole mno ukilinganishwa na mikrosekunde za mruko.

Kama nilichoandika tangu mwanzo ni kweli, wastani wa kina hauna maana yoyote. Kinachohesabika ni kama, angalau mara moja katika kila mzunguko, eta inashuka chini ya 1 na kuipa ncha nafasi ya kuteremka bila kuanguka. Kwa kalamu: kina kinapaswa kupungua kwa asilimia 76 au zaidi pale kinapofika chini kabisa.

Kwa asilimia 50 meno yamefupika lakini yapo. Kwa 70 yamebaki madogo. Kwa 80 kitanzi kimefungwa. Wastani wa mzigo haujaguswa na msuguano umekwisha. Socoliuc na wenzake walitumia hila hii mwaka 2006: waliweka volti ya kupishana kati ya ncha na fuwele ili mzigo utikisike, na msuguano ukashuka bila ncha kuinuliwa. Kuna gharama, bila shaka. Anayetikisa analipa kwa nishati yake, na programu inaionyesha ikiishia kwenye kani ya kufifisha. Ila hailipwi tena na anayevuta, na kwa mashine ndogo sana tofauti hiyo ina maana.

Hali ya mradi: msimbo wa ncha moja umefungwa, wa mnyororo unafanya kazi lakini ni wa polepole. Awamu inayofuata ni kuutikisa mnyororo uliolegea kupita mpaka wa Aubry, joto likiwepo, na kuona kama atomu 89 zitakubali kuteremka pamoja au kama kila moja itataka wakati wake. Mwenzangu anaamini kutatokea mawimbi ya miruko yanayosafiri kwenye mnyororo. Mimi nadhani joto litayavuruga kabla hayajafika mbali. Kompyuta inaanza kazi leo usiku, na eneo la kitanzi ndilo litakaloamua.